Grisi ya Kupakwa

Kijiko cha kuchotea mawe kililia mara tatu kabla ya kukwama, na mara zote tatu Milimita alikisikia akakipuuza. Mara ya kwanza alisema ni upepo, kwa kuwa tufani ya vumbi ilikuwa imewafunika tangu asubuhi katikati ya uwanda wa chumvi, na katika tufani kama ile kila kelele inaweza kusingiziwa upepo. Mara ya pili alisema ni shemeji yake, anayekanyaga breki kama mtu anayeua nge. Mara ya tatu hakupata nafasi ya kusema lolote. Mashine ya tani kumi na nane ilijikunja upande wa kushoto, ikagoma kujikunjua, ikaanza kuchora duara juu ya chumvi, polepole na bila haya, kama punda wa kinu.

"Nyoosha!" Milimita alifoka.

"Nimenyoosha, shemeji. Usukani uko kulia kabisa. Ni yeye anayekataa."

"Yeye nani? Mashine haina yeye. Zima kabla hujaivunja."

Shemeji akazima. Chembe za chumvi zikaendelea kuparuza vioo.

Watu watatu walikuwa wamebanana ndani ya kibanda kilichotengenezwa kwa ajili ya mmoja. Aliyeshika usukani alikuwa kaka wa mke wa Milimita, mtu wa miaka hamsini na kitu, mpole, mzito wa kusema, ambaye alikuwa akiendesha mashine za machimbo tangu Milimita akiwa anavaa kaptura za shule. Juu ya kisanduku cha vifaa, mguu mmoja ukiwa umefungwa kitambaa, alikaa Mpima, mwanamke mwembamba wa kazi ya kupima ardhi. Saa mbili zilizopita alikuwa akiwatangulia kwa gari dogo, hadi gari hilo lilipotumbukia ndani ya korongo ambalo vumbi lilikuwa limelificha. Walimtoa kupitia dirishani, kifundo cha mguu kimefura. Pipa la maji halikubahatika kama yeye: lilipasuka, na chumvi ikanywa lita mia mbele ya macho yao. Redio ya gari, ya pekee waliyokuwa nayo, ilipondeka pamoja na pipa.

Wa tatu ni Milimita mwenyewe, mkuu wa mafundi wa machimbo, aliyepanda safari hii ili kukikabidhi kijiko kambini kwa mkono wake, kwa kuwa hakuwa na imani na mkono mwingine wowote. Jina lile alipewa na karakana, kwa utani ambao yeye aliupokea kama shahada ya pili. Alikuwa na dharau ya mtu aliyesoma: haikupaza sauti mara nyingi, bali ilisahihisha. Alimsahihisha mtunza ghala matamshi, akamsahihisha mpishi namna ya kushika kisu, na shemeji yake alimsahihisha katika kila jambo, hata namna ya kukohoa, kwa sababu alikuwa amejiaminisha kwamba ni yeye anayemlinda mzee yule asifukuzwe kazi, na fadhila ya namna hiyo humfanya mtu ajione ana hati miliki ya mwenzake.

"Maji?" Mpima aliuliza.

Shemeji akachungulia nyuma ya kiti, akatikisa dumu. "Lita saba. Labda na kikombe."

"Na yale ya rejeta?"

"Yana dawa," Milimita alijibu. "Ukiyanywa, figo zitakuaga kabla ya sisi kukuzika."

"Kambi iko kilomita hamsini na mbili mbele," Mpima alisema huku akifuta kioo cha dira kwa kidole gumba. "Machimbo yako sabini nyuma. Kambini wameambiwa tutafika 'wiki hii'. Leo ni Jumanne."

Hakuna aliyehitaji kufanyiwa hesabu. Kwa joto lile, na mmoja wao akiwa hawezi kukanyaga, kutembea kulikuwa njia ndefu ya kufa. Ama kijiko kipone kabla maji hayajaisha, ama watu wa kambi waje kukusanya mifupa Jumapili.

*

Tufani ilipita mchana. Uwanda ukafunguka ukiwa mweupe hadi kwenye ukingo wa macho, na kilima kimoja tu cheusi upande wa mashariki. Joto likapanda kutoka chini, si kutoka juu, kana kwamba ardhi ndiyo iliyokuwa jua.

Kijiko cha namna ile hakikati kona kwa magurudumu ya mbele kama gari. Kimegawanyika nusu mbili, na nusu hizo zimeunganishwa katikati kwa pini mbili nene kama paja la mtu, moja juu na moja chini. Mafundi hupaita mahali hapo kiuno. Kikitaka kugeuka, kinajikunja kiunoni. Pini zile zikikaukiwa grisi, chuma husaga chuma, kisha chuma hung'ang'ania chuma, na mashine nzima hubaki kama mtu aliyeinama kuokota kitu akashikwa na mgongo.

Milimita alijisukuma kwa mgongo chini ya tumbo la mashine, tochi mdomoni. Pini ya juu ilikuwa salama. Alipofika kwenye ile ya chini alitulia. Juu ya tundu la kupitishia grisi palikuwa na kichuguu cha grisi nyeusi, kimelainishwa vizuri kwa kidole, kinang'aa. Akakifuta. Ndani yake ilikuwamo nipeli, kile kichuchu cha chuma, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, ambacho mdomo wa bomba la grisi hubanwa juu yake ili grisi isukumwe ndani. Nipeli ilikuwa imelala upande. Alipoigusa, ilitoka na kumwangukia kifuani, bila kufunguliwa, kama jino la mtoto.

Hesi zilikuwa zimekufa. Karibu mifereji yote ya kuishikilia ilikuwa imekwanguka, ya nipeli na ya tundu. Grisi haikuwa imeingia mle kwa miezi.

Alitoka chini ya mashine akiwa ameishika nipeli kwa vidole viwili, kama mtu aliyemtoa mende kwenye mchuzi.

"Shemeji. Hii ni nini?"

Mzee akaitazama. "Nipeli ya chini."

"Na ile grisi iliyokuwa juu yake, nzuri, ya kung'aa, kama keki ya harusi?"

"Niliipaka."

"Uliipaka!" Milimita alimgeukia Mpima, akihitaji shahidi. "Umemsikia, dada? Grisi hutiwa. Hutiwa ndani kwa bomba, kwa nguvu, mpaka ile ya zamani itoke. Huyu ameipaka. Kama losheni! Miaka thelathini juu ya mashine, na anaipaka losheni!"

"Fomu inasema paka," Shemeji alisema taratibu. "'Paka grisi sehemu zote kumi na nne.' Napaka, natia alama, naweka sahihi. Mkaguzi anapita na karatasi yake, anaona inang'aa, anaweka sahihi."

"Na fomu ikisema lamba?"

 Shemeji alikuwa na namna yake ya kukwepa swali, ya kutazama kitu kilicho mbali kidogo nyuma ya bega la msemaji, ambayo Milimita siku zote aliihesabu kuwa ni uzito wa akili.

"Mkimaliza kesi," Mpima alisema kutoka kivulini, "kuna mtu hapa ana mguu mmoja na kiu. Inatengenezeka?"

Milimita akavuta pumzi. Kwa haki yake lazima isemwe kwamba mikono yake ilikuwa mizuri kuliko ulimi wake.

"Inatengenezeka. Tundu hili haliwezi tena kushika nipeli ya saizi yake. Lakini kwenye mkono wa kuinulia mawe kuna nipeli kubwa zaidi, na mkono huo hatuuhitaji leo. Nitang'oa moja kutoka kule. Kisha nilipanue tundu hili, nilichongee hesi mpya."

"Una chombo cha kuchongea?"

"Kiko ghalani. Mtunza ghala alitaka fomu tatu." Akatema mate makavu. "Nitakitengeneza."

*

Alipekua bolti zote ambazo mashine ingeweza kuishi bila ya hizo. Katika mfuko wa shati alikuwa na kipimo cha hesi, kitu kama kijitabu cha chuma chenye kurasa za meno, asichowahi kukiacha hata akienda kuoga, na kwa kipimo hicho alizijaribu bolti moja baada ya nyingine hadi akapata moja, kutoka chini ya kiti cha dereva, yenye mifereji sawasawa na ile ya nipeli kubwa. Ilikuwa ya chuma kigumu. Aliibana kwenye koleo, koleo akalibana kati ya magoti, akaanza kuikata kwa tupa ya pembe tatu: kwanza ncha, iwe imechongoka kidogo, kisha mitaro mitatu kutoka juu hadi chini, inayozikata hesi ziwe na makali.

Ni kazi ya dakika kumi kwenye karakana yenye jiriwa na umeme. Juu ya chumvi, kwa tupa iliyochakaa, ilikuwa kazi ya mchana kutwa. Kila baada ya saa moja Mpima alipima maji kwa kifuniko cha chupa ya chai, vifuniko vitatu kwa mtu, akiwasimamia kwa macho wanywe mbele yake. Midomo yao ilipasuka. Shemeji alikaa upande wa pili wa gurudumu akichokoa tundu kwa waya, akitoa vipande vya grisi ya zamani iliyoganda kama lami, akimimina dizeli tone kwa tone ili ilainike ndani.

"Usichokoe kama unasafisha sikio," Milimita alimwambia bila kuinua kichwa.

"Sawa, shemeji."

"Na usimwage dizeli. Tunaihitaji kutembelea."

"Sawa."

Jua lilikuwa limeanza kuinama Milimita alipoipumzisha mikono na kuiokota ile nipeli iliyokufa. Hakuwa na sababu maalumu. Mtu aliyechoka huokota kilicho karibu. Akaisugua kwa shati. Karibu na shingo zilibaki hesi mbili ambazo hazikuwa zimekwanguka. Kwa mazoea tu, akazilaza kwenye kipimo.

Hazikukaa.

Akajaribu ukurasa wa jirani. Hazikukaa tena. Akageuza kipimo upande wa pili, upande ambao hakuutumia hata mara moja kwa mwezi, upande wa inchi. Hesi zilizama kwenye meno bila kuacha mwanga.

Tundu lilikuwa la milimita. Nipeli ilikuwa ya inchi. Tofauti yake ni unywele tu, ndiyo maana humdanganya mtu: huingia mizunguko miwili kwa hiari, mzunguko wa tatu kwa kunung'unika, na mwenye haraka akiongeza spana na mkono mzito, itaingia yote huku ikizikata hesi za mwenyeji wake. Itaonekana imekaa. Itashika wiki mbili.

Katika machimbo yote palikuwa na kopo moja tu la nipeli za inchi, na kopo hilo lilikaa kwenye droo ya mkuu wa mafundi, chini ya ufunguo wa mkuu wa mafundi.

Aliikumbuka siku yenyewe. Wageni kutoka makao makuu walikuwa wanasubiri kumsikia akieleza mpango wake wa matengenezo, na alikuwa na picha ishirini na mbili za kuwaonyesha ukutani. Akapita uani akiwa na shati jeupe, akakuta nipeli imepotea kwenye kiuno cha kijiko, akatia mkono mfukoni ambamo mlikuwa na moja, akaifunga mwenyewe, kwa dakika moja, ili awaonyeshe wasaidizi wake kwamba mambo madogo hayahitaji mikutano. Iligoma kidogo. Akailazimisha.

Milimita alikaa na kile kitu kiganjani mpaka kivuli cha gurudumu kikamfikia. Kisha akakitia mfukoni, akarudia tupa, na tangu wakati huo hakumsahihisha mtu yeyote kuhusu chochote. Mpima alidhani ni kiu.

*

Asubuhi ya pili zilikuwa zimebaki lita mbili. Ulimi wa Mpima ulikuwa umevimba, na maneno yalimtoka moja moja. Milimita aliingia chini ya mashine na bolti yake iliyochongwa.

"Naomba grisi kidogo," alisema.

Shemeji akampa donge kwenye kidole. Milimita akaipaka kwenye mitaro ya bolti, kwa unene, ili chuma kitakachokatwa kinate mle kisije kikaanguka ndani ya pini. Ndiyo, aliipaka, hapo ndipo kupaka kulikuwa na kazi. Akaiingiza bolti tunduni, akageuza robo ya mzunguko mbele, kidogo nyuma, robo mbele, kidogo nyuma. Chuma kililia kwa sauti ndogo. Kila baada ya mizunguko miwili alitoa, akafuta vumbi la chuma, akapaka upya, akarudi. Jasho halikumtoka tena. Alijua maana yake, akaendelea.

Saa nne nipeli kubwa iliingia. Iliingia kwa vidole hadi mwisho, kisha kwa spana, kidogo tu, na akasikia katika mfupa wa kiganja ule mguso wa kitu kilichofika kwake.

"Leta bomba. Bana hapa. Piga."

Bomba la grisi ni chombo cha mkono, lakini mtu mzima akilikamua kwa nguvu linaweza kusukuma kwa shinikizo linalopasua chuma. Shemeji alikamua mara tano, mara sita. Mkono wa bomba ukawa mgumu. Grisi ya zamani ndani ilikuwa bado imeziba njia.

"Inavuja," Shemeji alisema. "Pale kwenye mdomo. Nisimame?"

"Nani kakuuliza?" Neno lilimtoka Milimita lenyewe, kwa mazoea ya miaka, kabla hajalikamata. "Piga! Unaogopa nini? Mimi nitaziba." Akaweka kidole cha shahada kwenye mdomo wa bomba, mahali ambapo uzi mwembamba wa grisi ulikuwa unaruka.

Shemeji akapiga.

Haikuuma. Hilo ndilo lililomtisha. Alihisi tu kitu cha baridi kikimtembelea ndani ya kidole, kutoka ncha hadi kwenye fundo la pili, na alipokitazama aliona kitundu kidogo kama cha sindano, kisicho hata na damu ya kutosha kuchafua shati. Kidole kilikuwa kimejaa, kimetulia, cheupe.

Aliwahi kuona mkono wa namna hiyo. Mwenzake mmoja wa chuo aliufunga plasta akaenda kulala. Alipozinduka hospitali, kiganja hakikuwepo.

"Acha," alisema, kwa sauti ambayo Shemeji hakuwahi kuisikia kwake. "Grisi imeingia kidoleni. Nina masaa. Baada ya hapo wa kukatwa utakuwa mkono."

Mpima alikuwa amejiburuta hadi kwenye gurudumu. "Masaa mangapi?"

"Kitabu kinasema sita."

"Basi toka huko," Shemeji alisema. Halikuwa ombi. Alimshika Milimita miguu yote miwili, akamvuta kutoka chini ya mashine kama gunia, akaingia yeye. "Dada, shika bomba. Nitakuambia lini ukamue na lini uache. Shemeji, kaa hapo, inua mkono juu ya kichwa, nyamaza."

Milimita akakaa. Akainua mkono. Akanyamaza.

Kwanza mzee alifanya jambo ambalo haliko katika kitabu chochote. Aliitoa nipeli, akajaza tundu grisi iliyochanganywa na dizeli, akachomeka shina la bolti lililoviringishwa kitambaa, akaligonga kwa nyundo. Grisi haina mahali pa kukimbilia isipokuwa mbele. Akatoa, akajaza, akagonga. Akatoa, akajaza, akagonga. Mara ya kumi na moja kitu ndani ya kiuno kikatoa sauti kama ya mzee anayesafisha koo.

"Njia imefunguka." Akarudisha nipeli. "Sasa, dada. Kamua. Acha. Kamua."

Kutoka pembeni mwa pini kikaanza kuchungulia kijinyoo cheusi cha grisi ya zamani, kimejaa vumbi na unga wa kutu. Kikarefuka. Kikaanguka juu ya chumvi. Nyuma yake ikaja grisi mpya, ya rangi ya asali, na Mpima, ambaye hakuwa na machozi ya kutoa, alitoa sauti tu ya kulia.

Shemeji aliwasha mashine. Hakulazimisha. Aliuchezesha usukani upana wa kidole kushoto, upana wa kidole kulia, akisubiri kati ya kila mchezo, kama mtu anayemzoesha mgonjwa kutembea. Robo saa nzima. Kisha kijiko kikajinyoosha.

*

"Kile kilima," Mpima alisema, "kiweke kwenye bega lako la kushoto. Kisikuhame."

Walikwenda hivyo, kilomita kumi na tano kwa saa, wakisimama kila nusu saa kutia grisi. Kikombe cha mwisho cha maji walikinywa watatu kwa kupokezana. Kidole cha Milimita kilikuwa kimeanza kuuma kwa namna ambayo ilikuwa na mapigo yake yenyewe, tofauti na ya moyo. Alitoa nipeli iliyokufa kwa mkono wa kushoto, akaiweka juu ya dashibodi.

"Niliifunga mimi," alisema. "Ni ya inchi."

"Najua."

Milimita akamgeukia. "Unajua tangu lini?"

"Tangu siku uliyoifunga. Nilikuwa nimesimama pale. Nikakuambia, shemeji, hiyo inalia, imekaa upande." Mzee alikuwa anatazama kilima. "Ukasema, mbele ya uwanja mzima: 'Tangu lini usukani ukaifundisha spana?' Watu walicheka wiki mbili. Hata mpishi. Nilikuwa nikipita na sahani, ananiuliza, usukani leo utakula nini."

"Sikumbuki."

"Kwa nini ukumbuke? Aliyechekwa si wewe."

Milimita aliigeuza nipeli juu ya dashibodi kwa mkono wa kushoto.

"Ungemwambia mtu," Milimita alisema. "Ilipoanza kuvuja. Ungeandika."

"Ningemwandikia nani? Malalamiko ya mashine yanapelekwa kwa mkuu wa mafundi." Shemeji alipunguza mwendo kuvuka ufa. "Nikaona, haya. Kama kitu kinatakiwa kung'aa tu, nitaking'arisha. Hilo ni kosa langu, sikutwishi wewe. Nililijua kosa, nikalipaka kila Jumatatu. Nilikuwa nimekudharau kiasi kwamba sikujali tena itakatikia wapi. Sikufikiria kwamba nitakuwamo ndani."

"Na mimi?" Mpima aliuliza kwa ulimi wake mzito. "Mimi niliwakosea nini?"

Kwa mara ya kwanza tangu alipooa katika familia ile, Milimita na shemeji yake waliona aibu ya kitu kimoja kwa wakati mmoja.

*

Kambi ilijitokeza saa tisa alasiri, kwanza kama vidoa vinavyocheza juu ya joto, kisha kama mabanda ya bati, kisha kama watu wanaokimbia na madumu. Mpima alibebwa kwenye machela akiwa amekumbatia chupa ya maji. Shemeji alishuka peke yake, ngazi kwa ngazi, akiwa na chumvi kwenye kope.

Msimamizi wa mitambo wa kambi, mtu wa kofia safi na kalamu tatu mfukoni, alikuwa ameshaanza kukizunguka kijiko. Akaona vioo vilivyoparuzwa na chumvi, grisi iliyomwagika kiunoni, kiti kilichopungukiwa bolti.

"Nani dereva wa hiki? Wewe mzee? Mashine ya watu umeifanya nini?" Akapaza sauti ili wote wasikie. "Hivi huko machimbo mnaokota madereva wapi?"

Milimita, aliyekuwa tayari ameshikwa mabega na wauguzi wawili, alisimama.

"Muulize kilichoharibika," alisema. "Muulize vizuri. Kisha nyamaza mpaka amalize."

"Na wewe ni nani?"

"Mkuu wa mafundi. Niliyeiharibu."

Wakamwingiza kwenye chumba cha matibabu, chumba kidogo chenye kitanda cha chuma, kabati la kioo na dirisha lililofunguliwa kwa ajili ya joto. Daktari wa kambi, mwanamke mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikishika kidole kwenye mwanga, akakibinya, akatazama saa ya ukutani.

"Saa ngapi kiliingia?"

"Saa tano kasoro."

"Nitakipasua kutoka hapa hadi kiganjani, nisafishe. Ncha imekwisha kufa; hiyo inaondoka leo. Kilichobaki tutakijua kesho. Una la kusema?"

"Hapana, daktari."

Alimchoma ganzi. Kutoka nje, kupitia dirishani, sauti ya Shemeji ilikuwa imeanza, nzito, isiyo na haraka. Alikuwa amekalishwa juu ya ndoo, na watu wakawa duara. Alikunywa kikombe cha kwanza mpaka mwisho, akanyoosha mkono akaomba cha pili, na msimamizi wa kalamu tatu akasubiri. Kisha akasimulia. Akaanzia uani, siku ya wageni. Alieleza shati jeupe. Alieleza droo na ufunguo wake. Na alipofika kwenye nipeli alibadili sauti, akaibana puani, akainua kidevu, na ikawa sauti ya Milimita hasa, kila herufi imepigwa pasi: "'Tangu lini, shemeji, usukani ukaifundisha spana?'"

Kicheko kililipuka hadi vyombo vikatikisika kwenye kabati. Mtu alisema, "Rudia hapo, mzee, rudia!" Na mzee, ambaye watu walimdhania hana maneno, akarudia, akaongeza mwendo wa kutembea. Hakumhurumia. Hakuacha hata picha ishirini na mbili. Kulikuwa na makosa mawili ya ufundi katika maelezo yake, na Milimita aliyasikia yote mawili yakipita.

Daktari alisimama, kisu kikiwa hewani, akageuza kichwa kuelekea dirishani.

"Wanamcheka nani hao?"

"Mimi," Milimita alisema. "Kata, daktari."